Karani na Kipanya Kisicho na Waya

1. Shutuma

Katika shule moja ya bara palikuwa na karani mzee, mtu mwaminifu sana katika kazi yake. Miaka mingi aliandika majina ya wanafunzi kwa kalamu katika madaftari makubwa. Hata kompyuta ilipoletwa shuleni, akajifunza kuitumia, ingawa nywele zake zilikuwa zimekwisha kuwa nyeupe. Kompyuta hiyo ilikuwa ya namna ile inayofunguliwa na kufungwa kama kitabu. Kibao chake cha kugusia kwa kidole kilikuwa kimeharibika kabla haijafika shuleni, kwa hiyo karani alitumia kipanya kisicho na waya.

Kwa muda wa mwaka mzima kipanya kilimtumikia vizuri. Kisha kikaanza vituko. Saa nyingine mshale kwenye kioo ulikwenda kila alikotaka. Saa nyingine uliruka-ruka kama panzi. Na saa nyingine ulisimama kabisa, kana kwamba kompyuta haijapata kujua ya kuwa kipanya kipo. Karani aliizima kompyuta, akaiwasha tena. Pengine kipanya kilipona, pengine hakikupona, wala hakuweza kujua kwa nini.

Mambo hayo yalimpata wakati mbaya. Ilikuwa Jumatatu, na Ijumaa sharti orodha ya wanafunzi wa darasa la mwisho ipelekwe wilayani. Mwanafunzi ambaye jina lake halimo katika orodha hataweza kufanya mtihani.

Basi palikuwa na kijana wa darasa la sita, mtoto wa mjane, aliyefagia ofisi ile kila alasiri, na kwa kazi hiyo alipewa madaftari na kalamu zake. Karani akahesabu siku, akaona ya kuwa kipanya kilianza kuharibika juma lile lile kijana alipoanza kufagia. Akamwita, akamwambia, “Wewe umekiangusha kipanya hiki, nawe waogopa kusema.”

Kijana akajibu, “Hapana, Bwana, sikukiangusha.”

Lakini karani hakusadiki. Akamkataza kufika tena ofisini, akamwambia ya kuwa mama yake ataitwa ili alipe thamani ya kipanya. Kijana akaenda zake akilia, maana alijua ya kuwa mama yake hana kitu. Wahenga walisema, Mnyonge hana haki.

Habari hizo zikamfikia mwalimu wa hesabu. Akaenda ofisini, akamwamkia karani kwa heshima, akasema, “Mzee wangu, huenda maneno yako ni kweli, na huenda si kweli. Nakuomba usimwite mama yake kwanza. Mpaka Ijumaa, tukiulize kipanya chenyewe, na kompyuta nayo.”

Karani akacheka, akasema, “Mwalimu, tangu lini kipanya kikajibu maswali?” Lakini akakubali.

2. Njia ya habari

Kabla ya kueleza alivyofanya mwalimu, yafaa kujua kipanya ni kitu gani, na namna gani habari zake huifikia kompyuta.

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 huko California, katika nchi ya Marekani. Aliyekifikiri ni Douglas Engelbart, na aliyekiunda kwa mikono yake ni Bill English. Kilikuwa kijisanduku cha mti chenye magurudumu mawili chini yake na waya uliotoka nje kama mkia. Tarehe 9 Desemba 1968, katika mji wa San Francisco, Engelbart aliwaonyesha watu wengi jinsi kitu hicho kinavyoweza kuuendesha mshale kwenye kioo.

Kipanya cha karani hakikuwa na mkia. Badala ya waya kilitumia mawimbi ya redio, ambayo Mjerumani Heinrich Hertz alithibitisha kuwapo kwake katika miaka ya 1887 na 1888. Mawimbi hayo hayaonekani kwa macho wala hayasikiki kwa masikio. Vipanya vingi visivyo na waya hutumia mawimbi yatikisikayo mara 2,400,000,000 hivi kwa sekunde moja, na urefu wa kila wimbi ni karibu sentimeta 12 na nusu.

Kwa hiyo habari za kipanya husafiri safari yenye vipande viwili. Kipande cha kwanza ni hewani: mawimbi hutoka katika kipanya na kuingia katika kipokezi, kijidude kidogo kama ukucha wa kidole gumba, kilichochomekwa ubavuni mwa kompyuta. Kipande cha pili ni ndani ya tundu liitwalo USB: kipokezi huipa kompyuta habari ilizoletewa na mawimbi. Tena kipanya chahitaji nguvu ya betri, na kipokezi chahitaji umeme wa kompyuta. Kiungo kimoja kikikatika, mshale husimama. Naye mtu atazamaye kioo huona jambo lile lile moja, wala hajui ni kiungo gani kilichokatika.

3. Mwalimu aanza kuuliza

Mwalimu alichukua daftari, akachora mistari, akaandika juu yake: Siku, Saa, Jambo lililofanywa, Jambo lililoonekana. Akamwambia karani, “Tutabadili kitu kimoja tu kwa mara moja. Tukibadili vitu viwili pamoja, na kipanya kikapona, hatutajua ni kipi kilichokiponya.”

Jumatatu ile ile akakigeuza kipanya, akatazama kama swichi yake ya chini imefunguliwa sawasawa. Ilikuwa imefunguliwa. Akatoa betri, akazipangusa sehemu za chuma zinazogusana nayo, akatia betri mpya. Kipanya kikaenda, karani akafurahi. Lakini saa kumi alasiri kikasimama tena. Mwalimu akaandika: “Betri mpya, ugonjwa umebaki.” Betri ya zamani hakuitupa, bali aliitia katika tochi, nayo ikawaka vizuri.

Jumanne akakichukua kipanya pamoja na kipokezi chake, akavitia katika kompyuta ya mwalimu mkuu, akaomba vitumiwe huko kutwa nzima. Vikafanya kazi tangu asubuhi hata jioni bila kosa hata moja. Siku ile karani aliandika majina kwa kalamu, kama zamani.

Jioni mwalimu akamwambia, “Mzee wangu, kipanya ni kizima, na kipokezi ni kizima. Kitu kilichovunjika hakiponi kwa kuhamishwa chumba.”

Karani akanyamaza kidogo, akasema, “Labda yule kijana aliiharibu kompyuta.” Kwa maana ni vigumu kwa mtu kuliacha neno alilokwisha kulisema mbele ya watu.

4. Ushahidi wa kompyuta

Kila kompyuta inao mfumo endeshi, yaani programu kuu inayosimamia programu nyingine zote, na vyombo vyote vilivyounganishwa nayo, kama nahodha asimamiavyo mabaharia wake. Mfumo endeshi wa kompyuta ile waitwa Linux. Asili yake ni mwaka 1991, ambapo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika nchi ya Finland, aliandika kiini chake akawapa watu wengine wakitumie na kukitengeneza. Mwaka 1992 alikitoa kwa masharti yanayomruhusu kila mtu kuyasoma maandishi yake, kuyabadili, na kuwagawia wenzake. Mfumo wa namna hiyo huitwa mfumo huria. Si kila mtu ataweza kuyaelewa maandishi hayo, lakini hakuna mtu anayekatazwa kuyasoma.

Linux haifichi mambo yake. Ina njia nyingi za kuulizwa, na mbili kati yake zatosha kwa kazi kama ile ya mwalimu.

Njia ya kwanza ni amri iitwayo lsusb. Mtu akiiandika, kompyuta huonyesha orodha ya vyombo vyote inavyoviona katika matundu ya USB, kila chombo kwa namba yake na jina lake. Jina la kipokezi likiwamo katika orodha, kile kipande cha pili cha safari ni kizima. Lisipokuwamo, ubaya u katika tundu, au katika kipokezi, au katika umeme.

Njia ya pili ni kumbukumbu ambazo kiini cha mfumo hujiandikia chenyewe, kama karani aandikavyo katika daftari la wageni. Chombo kikichomekwa, kompyuta huandika saa na jina lake. Chombo kikitoka, huandika pia. Kumbukumbu hizo husomwa kwa amri iitwayo dmesg. Tundu likilegea, hata kipokezi kikawa chaingia na kutoka, kumbukumbu hujaa maneno ya kuingia na kutoka, ingawa hakuna mkono wa mtu uliokigusa.

Jumatano asubuhi kipanya kilirudishwa kwa karani, kikafanya kazi vizuri. Saa kumi alasiri mshale ukasimama. Mwalimu akaja mara moja, akaandika lsusb. Jina la kipokezi lilikuwamo! Akazisoma kumbukumbu. Zilionyesha ya kuwa kipokezi kilijulikana asubuhi kompyuta ilipowashwa, wala tangu hapo hapakuandikwa neno lolote la kutoka kwake.

Mwalimu akasema, “Basi kompyuta yakiona kipokezi. Betri ni mpya. Kipanya ni kizima. Kimebaki kipande kimoja tu, nacho ni hewa iliyo kati ya kipanya na kipokezi. Lakini kwa nini alasiri, si asubuhi?”

5. Shahidi aliyesahauliwa

Hapo mwalimu akakumbuka ya kuwa yuko mtu mmoja aliyekuwamo ofisini kila alasiri, ambaye hakuna aliyepata kumwuliza aliyoyaona. Akatuma aitwe. Kijana akaja, akasimama mlangoni, akasema, “Shikamoo, Mwalimu. Shikamoo, Bwana Karani.” Wala hakuthubutu kuingia ndani.

Mwalimu akamwambia, “Ingia, mwanangu. Hukuitwa kwa kushitakiwa, bali kwa kuulizwa. Ulipokuwa ukifagia humu, uliona nini wakati kipanya kilipokataa?”

Kijana akafikiri, akasema, “Mwalimu, niliona ya kuwa kipanya hufa wakati taa ya lile sanduku jeusi inapomemeta. Nilidhani Bwana Karani ajua.”

Sanduku jeusi lile lilikuwa diski ya nje. Kila alasiri karani aliichomeka katika kompyuta ili kuweka nakala ya kazi ya siku ile, naye aliichomeka katika tundu lililo ubavuni pa kipokezi, hata vikakaribia kugusana. Mwalimu akauliza, “Mzee wangu, diski hii ililetwa lini?” Karani akafungua daftari la vifaa, akasoma tarehe, akakaa kimya. Diski ililetwa juma lile lile kijana alipoanza kufagia.

Mwalimu akaichomoa diski: mshale ukaenda. Akaichomeka, akaanza kunakili: mshale ukaruka-ruka, ukasimama. Akafanya hivyo mara tatu, na mara zote tatu ikawa vile vile. Kisha akaleta waya wa kurefushia USB, urefu wake mita moja. Akakitoa kipokezi katika tundu lake, akakichomeka mwisho wa waya ule, akakilaza juu ya meza mbele ya kipanya, mbali na diski. Diski ikanakili, taa yake ikamemeta, na mshale ukaenda kwa utulivu kama mtumbwi katika maji matulivu.

Sababu yake ni hii. Diski ile ilitumia USB ya namna ya tatu, ambayo kanuni zake zilitangazwa mwaka 2008. Matundu yake mara nyingi huwa na rangi ya samawati ndani. USB ya namna hiyo yaweza kupitisha alama 5,000,000,000 kwa sekunde moja, na mwendo huo wa kasi hutoa kelele za redio zisizosikika kwa sikio. Mwaka 2012 kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa maandishi yaliyoonyesha ya kuwa kelele hizo huenea hata kuyafikia mawimbi yale yale ya mara 2,400,000,000 kwa sekunde yatumiwayo na vipanya. Kipokezi kilichowekwa karibu na chombo cha namna hiyo ni kama mtu anayenong’onezwa maneno kando ya mashine ya kusaga unga. Si kiziwi, wala mwenziwe si bubu. Ila kelele zimezidi. Akisogea mbali kidogo na mashine, atasikia.

Karani akainamisha kichwa. Akamwambia kijana, “Mwanangu, nimekukosea. Kesho uje ufagie kama kwanza.”

6. Sababu ya pili

Alhamisi asubuhi karani alikuwa akilinganisha majina ya orodha na yale ya daftari kubwa. Alisoma kwa muda bila kukigusa kipanya. Hata alipokisogeza, mshale haukwenda. Diski haikuwapo. Karani akafadhaika, na moja kwa moja macho yake yakaelekea mlangoni alikosimama kijana na ufagio wake. Lakini safari hii akajizuia, akatwaa daftari la mwalimu, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: “Saa tatu na robo. Kipanya kilikaa bila kuguswa. Kukisogeza, hakiendi. Kukibonyeza, kimeamka.”

Mwalimu alipoyasoma maneno hayo akafurahi sana, akasema, “Mzee wangu, umekwisha kumaliza nusu ya kazi. Kitu kinachoamka kilikuwa kimelala.”

Shule ile ilipata umeme wake kwa jua. Ili umeme usipotee bure, ilikuwa imetiwa katika kompyuta programu ya kuweka akiba, ambayo hukilaza kila chombo kisicho na kazi. Katika Linux, chombo cha USB kilichoruhusiwa kulazwa hulala kikikaa bila kazi kwa muda mfupi, na muda wa kawaida ni sekunde 2 tu. Vyombo vingine huamka upesi hata mtu asijue ya kuwa vililala. Vingine ni vizito: hukataa kuamka kwa kusogezwa, mpaka vibonyezwe, na pengine haviamki mpaka vichomolewe.

Linux huweka habari hiyo wazi katika faili ndogo kwa kila chombo, nayo ina neno moja tu. Neno likiwa auto, maana yake chombo chaweza kulazwa. Neno likiwa on, maana yake kisilazwe. Mwalimu akaisoma faili ya kipokezi, akakuta neno auto. Kulibadili neno hilo kwahitaji idhini ya msimamizi, kwa hiyo hakujaribu kupita njia ya mkato, bali alimwendea mwalimu mkuu aliyelishika neno la siri. Alipopewa ruhusa akaandika on, wakangoja dakika kumi bila kukigusa kipanya. Karani akakisogeza kwa kidole kimoja, na mshale ukaenda mara moja.

Lakini mwalimu alijua ya kuwa neno lililoandikwa hivyo hupotea kompyuta ikizimwa. Kwa hiyo akafungua mipango ya programu ile ya akiba, akakitia kipokezi katika orodha ya vyombo visivyolazwa. Programu yenyewe hakuiondoa, maana ilikuwa na faida yake. Kisha akaizima kompyuta, akaiwasha, akajaribu tena, ili awe na hakika.

Ijumaa asubuhi orodha ilikamilika, hakuna jina hata moja lililosahauliwa, nayo ikapelekwa wilayani kwa wakati wake. Karani akamwita mjane, wala si kwa ajili ya kumtoza kitu. Akamwambia mbele ya walimu, “Mama, mtoto wako ana macho ya kuona. Mimi nilikuwa na macho pia, lakini nilikuwa nimekwisha kutoa hukumu, na mwenye kutoa hukumu hatazami tena.”

7. Mambo ya kukumbuka

Kipanya kisicho na waya kikikataa mara kwa mara katika Linux, dalili tatu huonyesha njia.

Kwanza, jina la kipokezi likiwa halimo katika orodha ya lsusb, ubaya u kati ya kipokezi na kompyuta: kijaribiwe tundu lingine, tena kompyuta nyingine, na kumbukumbu zisomwe.

Pili, jina likiwamo lakini mshale hauendi au waruka-ruka, ubaya u katika betri au hewani: betri ibadilishwe, kipokezi kisogezwe karibu na kipanya, mbali na diski na vyombo vingine vya kasi.

Tatu, kipanya kikikataa baada ya kupumzika, kikaamka kwa kubonyezwa, huenda chombo kinalazwa: itazamwe mipango ya akiba ya umeme.

Tena kosa moja laweza kuwa na sababu mbili, kwa hiyo aliyeiona ya kwanza asijisifu upesi. Na mambo mawili yakianza juma moja, hiyo si hoja ya kuwa moja limezaa jingine. Dalili ya mvua ni mawingu. Lakini si kila wingu huleta mvua.

Maswali

1. Kwa nini karani alidhani ya kuwa kijana amekiharibu kipanya? Hoja yake ilikosea wapi?
2. Taja vipande viwili vya safari ya habari kutoka kipanya mpaka kompyuta.
3. Kukijaribu kipanya katika kompyuta ya mwalimu mkuu kulithibitisha jambo gani?
4. Kwa nini mwalimu aliichomeka na kuichomoa diski mara tatu, si mara moja?
5. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini waya wa mita moja uliondoa ubaya.
6. Karani alifanya nini siku ya Alhamisi ambacho hakukifanya siku ya Jumatatu?